Pimeni Mbele ya Mteja: Barua ya Wazi kwa Kampuni za Intaneti ya Majumbani

Kwa Wakurugenzi Watendaji,
wakuu wa ufundi na wakuu wa huduma kwa wateja,
kampuni zinazouza intaneti ya majumbani,
Dar es Salaam.

YAH: KASI MNAYOUZA NA MAHALI INAPOPIMWA

Ndugu zangu,



Mimi ni fundi wa mitandao wa kujitegemea. Nafunga na kurekebisha intaneti majumbani na kwenye maofisi madogo, Tabata, Kinyerezi, Sinza, Mbezi, na nikivuka kivuko, Kigamboni. Sina mkataba na kampuni yenu yoyote. Mimi ndiye yule ambaye mteja wenu anampigia akishachoka kuambiwa azime rauta, asubiri sekunde thelathini, kisha awashe. Kwa hiyo wateja wenu nawajua wakiwa wamekasirika, vifaa vyenu navijua kwa ndani, na ugomvi ninaoukuta ni uleule nyumba baada ya nyumba. Sitaitaja kampuni, kwa sababu dosari ninayoizungumzia sijaikuta kwa mmoja wenu tu.

Ugomvi wenyewe ni huu. Mteja anasema, "Nalipia megabiti 30, napata 6." Nyie mnamjibu, "Kwetu huku laini yako inasoma 30, iko sawa." Mteja anaona mnamwibia, kijana wenu wa simu anaona mteja msumbufu. Mimi nikifika, mara nyingi nakuta wote wawili wamesema kweli. Ile 6 mteja aliipima kwa simu yake, chumbani, milango miwili kutoka rauta ilipo, saa tatu usiku. Ile 30 mmeiona nyie kwenye mtambo wenu, ambao haujui lolote kuhusu chumba hicho. Hizo ni namba mbili za vitu viwili, na hakuna popote kwenye mkataba palipoandikwa ipi kati yake ndiyo mliyoiuza.

Ninachoomba ni kwamba mseme kasi inapimwa wapi, kisha mpime hapohapo mbele ya mteja siku mnapofunga. Mita ya maji iko getini. Bomba la bafuni likitoa maji kwa shida huku mita inazunguka sawasawa, mwenye nyumba anajua aite fundi bomba, haendi ofisi za maji kugombana. Intaneti mmeiingiza mpaka sebuleni bila mita wala geti. Ndiyo maana kila kinachoharibika ndani ya nyumba kinahesabiwa kosa lenu, na kila kosa lenu mnapata pa kulisukumia ndani ya nyumba ya mtu.

Na hilo geti lipo, ni kulitambua tu. Nyuma ya karibu kila rauta mnayogawa kuna matundu ya waya yaliyoandikwa LAN. Chomeka kompyuta hapo kwa waya, zima waifai ya kompyuta yenyewe, ondoa vifaa vingine vyote mtandaoni, pima. Kinachosomeka hapo ndicho mlichokifikisha. Kikipungua kuanzia hapo kwenda chumbani, ni suala la mwenye nyumba, kuta zake na simu zake. Kikikosekana kabla ya hapo, ni lenu. Kazi ya dakika tano, na fundi wenu tayari amebeba kompyuta mgongoni.

Nitoe mfano wa nyumba moja Mbezi. Mzee mwenye nyumba alipandisha kifurushi kutoka 50 hadi 200 kwa kuwa watoto walikuwa wamerudi likizo. Akapima: 94. Asubuhi 94, mchana 94, usiku wa manane 93 na pointi. Akapiga simu, akaambiwa eneo lake lina watumiaji wengi, avumilie. Akapiga tena, akaambiwa anunue rauta kubwa zaidi. Jamani! Msongamano wa watumiaji haugandi kwenye namba moja. Unapanda na kushuka: saa kumi alfajiri unapata kasi yako yote, saa mbili usiku unapata nusu. Namba ikisimama palepale kwenye 94 usiku na mchana, fundi yeyote wa mtandao anajua anachokitazama. Mahali fulani njiani kuna tundu au waya unaokwenda kwa megabiti 100, na zile chache zinazopungua zimeliwa na anwani na alama ambazo kila pakiti ya data inazibeba safarini.

Nikaufuata waya. Kiboksi cha faiba kilikuwa stoo, rauta sebuleni, na katikati waya umepita juu ya dari. Kufungua soketi ya ukutani: nyaya nane, lakini zilizobanwa ni nne tu, ya chungwa na ya kijani, kila moja na mwenzake mweupe mwenye mistari. Za bluu na za kahawia zimekunjwa pembeni. Nikafuatilia zinakokwenda, nikakuta zinalisha kamera ya getini. Aliyefunga aliokoa mita chache za waya kwa kuugawa mmoja ufanye kazi mbili. Sasa megabiti 100 zinapita vizuri kabisa kwenye nyaya nne, ila gigabiti inataka zote nane. Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Taa za rauta zote kijani, na kutoka ofisini mlikuwa mnamwona mteja yuko hewani, hana tatizo. Nikaivutia kamera waya wake, nikabana nyaya zote nane kwenye kichwa kipya, ikasoma zaidi ya 190.

Mzee alinilipa mimi kwa kazi hiyo. Nyie alikuwa ameshawalipa miezi kadhaa ya 200 huku mkimpa 94.

Jambo hili dada wa huduma kwa wateja angeweza kulikamata kwenye simu, bila mtu kupanda bodaboda, kama karatasi iliyo mbele yake ingekuwa na maswali mawili. La kwanza: umepima kwa waya au kwa waifai? La pili: namba inapanda na kushuka, au imeganda? Iliyoganda kwenye 94 au 95 ni waya au tundu. Inayoshuka jioni tu ni msongamano wenu. Inayobadilika ukihama chumba ni waifai. Kwa waya iko sawa, kwa simu mbaya: msimtume fundi wa nguzo, mfundisheni mteja kuhamisha rauta. Badala yake karatasi inaanza na kuishia kwenye zima-uwashe.

(Sidharau zima-uwashe. Rauta ndogo ikikaa wiki kadhaa kwenye joto la Dar, kumbukumbu yake huweza kujaa, na kuizima kweli huipa nafuu. Lakini mteja anayelazimika kuizima kila siku ana rauta mbovu au adapta iliyochoka, na hilo halitibiwi kwa kumwambia aendelee kuizima.)

Najua mtakachonijibu, kwamba malalamiko mengi ni ya waifai. Ni kweli, na nitawaunga mkono mbele ya mteja yeyote. Ila tuulizane: nani aliamua rauta ikae pale? Aliyetoboa ukuta. Rauta za nyumba zetu zinakaa pale tundu la faiba lilipoingilia, na tundu linaingilia pale ngazi ya fundi ilipofika kwa urahisi. Huwa ni kona ya mbali ya sebule, nyuma ya televisheni, wakati mwingine juu ya friji. Kisha mwenye nyumba naye anamalizia. Tabata nilikuta rauta imewekwa ndani ya kabati la vioo, katikati ya seti ya vikombe vya wageni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kwa heshima zote, maana ni kifaa cha gharama. Ilikuwa ya moto kama pasi. Mama mwenye nyumba alishangaa niliposema kitambaa kitoke, na alishangaa zaidi tulipoitundika koridoni, usawa wa kichwa, na chumba cha nyuma ambacho hakikuwahi kupata kitu kikaanza kufungua video. Fundi wenu alifika nyumba hiyo kabla yangu, akaona kabati, akachomeka, akaondoka.

Kuta zetu pia si za mbao. Ni tofali za saruji, nguzo za zege zenye nondo, na kwenye nyumba za kisasa vioo vikubwa na matangi ya maji juu. Mawimbi ya waifai ya 2.4 GHz yanapenya kuta vizuri kuliko ya 5 GHz, lakini ndiyo yaliyojaa. Yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na jirani anayekaa chaneli 3 anawaharibia wa 1 na wa 6 kwa pamoja. Fungua simu kwenye ghorofa lolote la Upanga uone majina ya waifai yanavyojaza skrini. Halafu kuna hesabu ambayo matangazo yenu hayaisemi: simu ya bei ya kawaida, yenye antena moja, kwenye 2.4 inaunganishwa kwa megabiti 72 za kwenye karatasi, na ukipima unapata karibu nusu ya hizo, tena umekaa mkabala na rauta. Kwa hiyo mnapomuuzia mtu 100 na kumpa rauta isiyo na masafa ya 5, mmeshajua siku hiyohiyo kwamba simu yake haitaiona 100 hata angelala juu ya rauta.

Sasa rauta yenyewe. Hapa mafundi wenu wengi wanachanganya, na wateja wanachanganyikiwa zaidi. Kuna kupima kwenye rauta na kuna kupima kupitia rauta. Siku hizi rauta nyingi zina kitufe chao cha kupima kasi: unaingia kwenye ukurasa wa rauta, unabonyeza, inakupa namba. Kitufe hicho kinasaidia, kwa sababu kinaondoa waifai, simu na kuta zote kwenye hesabu. Kikisoma namba nzuri huku simu inasoma mbaya, umeshajua nusu ipi ya njia uanze kuitafuta. Lakini kikisoma namba ndogo, usikimbilie kulaumu laini. Data inayopita tu kutoka faiba kwenda kompyuta inasukumwa na chipu maalumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Data ambayo rauta inaipokea yenyewe kwa ajili ya kipimo inapita kwenye prosesa yake, ambayo kwa rauta za bei nafuu ni dhaifu. Unaweza kukuta rauta inajipima 120, na kompyuta iliyochomekwa nyuma yake kwa waya inapata 300. Na kinyume chake kipo pia: mtu akiwasha mpangilio wa kugawa kasi kwa vifaa, au wa kuwadhibiti watoto, kwenye rauta nyingi njia ya mkato ya ile chipu inazimika, kila kitu kinarudi kwa prosesa, na laini ya 300 inageuka 90 bila mtu kuelewa nini kimetokea. Nimeshakuta nyumba ambayo kosa lote lilikuwa tiki moja kwenye ukurasa wa rauta.

Ukitaka kuwa na uhakika kwamba tatizo liko ndani, kuna programu ya bure inaitwa iperf3. Unaiweka kwenye kompyuta mbili, moja imechomekwa kwa waya, nyingine iko chumbani kwa waifai, zinarushiana data bila kugusa intaneti kabisa. Zikipata 20 kati yao, hata mkimwongezea mteja gigabiti nzima, chumba hicho kitabaki na 20. Sitegemei mama wa Tabata aijue. Nategemea kila fundi wenu aijue, na nimekutana na wasioijua.

Nirudi kwenye ukurasa wa mipangilio ya kifaa, maana hapo nina lalamiko. Kiboksi cha faiba kinajua nguvu ya mwanga unaokifikia na kinaiandika, kwa namba hasi. Kwenye faiba ya GPON (laini moja inayogawiwa nyumba nyingi) ya daraja la B+, ambalo limeenea sana, kiboksi kimetengenezwa kusoma mwanga hadi hasi 27 dBm. Ukififia kupita hapo, data inaanza kuharibika njiani, na taa nyekundu ya LOS inaweza isiwake kabisa kwa sababu mwanga upo, ila ni hafifu. Mteja anaona intaneti inakatakata, inarudi, inakatakata. Sababu inaweza kuwa kochi lililousukuma waya wa faiba ukapinda vibaya nyuma yake, au kiungo kichafu kwenye nguzo. Namba hiyo ingemwambia mtu yeyote wapi pa kuangalia. Lakini akaunti anayopewa mteja mara nyingi haiioneshi. Imefichwa kwenye akaunti yenu. Sielewi mnalinda nini. Sijaomba uwezo wa kubadilisha kitu, naomba kusoma tu.

Tuje kwenye jioni. Laini ya GPON inashusha takriban gigabiti 2.5 na kupandisha 1.25, nayo inagawanywa kwa nyumba 32, hata 64. Nyumba 64 zikiuziwa 100 kila moja, mmeuza 6.4 juu ya 2.5. Siwashutumu kwa hilo. Ndivyo biashara hii inavyokwenda duniani kote, kwa sababu nyumba zote hazivuti kwa pamoja. Ila saa mbili usiku, taarifa ya habari, tamthilia na mpira vikikutana, zinakaribia kuvuta kwa pamoja. Mnazo grafu za saa hizo. Mteja ana haki ya kuambiwa laini ya mtaa wake inasoma ngapi muda huo kabla hajalipia, maana ndio muda anaokuwa nyumbani.

Kingine ni seva mnayopimia. Ukifungua Speedtest, programu inakuchagulia seva iliyo karibu, na mara nyingi iliyo karibu zaidi ni ya kampuni yako mwenyewe, pengine kwenye jengo lilelile mtambo wako ulipo. Kipimo hicho kinaonesha njia kutoka sebuleni mpaka kwenu, basi. Hakisemi lolote kuhusu njia ya kutoka kwenu kwenda duniani. Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini siku moja upande wa Afrika Kusini, nchi nyingi za ukanda huu ziliyumba. Siku kama ile, kipimo cha seva iliyo Dar hakigusi nyaya hizo hata kidogo; kinaweza kusoma 50 kati ya 50 huku barua pepe hazifunguki. Kwa hiyo mteja akisema "kipimo kizuri lakini mtandao mbaya", msimcheke. Mwambieni apime na seva ya Nairobi, kisha ya London, na msimlaumu akiona kule namba ya ping (muda wa data kwenda na kurudi, kwa milisekunde) imepanda. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka hapa mpaka London ni zaidi ya kilomita 7,000 kwa mstari wa ndege, na waya wa baharini unazunguka zaidi ya hapo, kwa hiyo kwenda na kurudi haiwezekani ishuke chini ya milisekunde 70 na kitu hata mfanye nini. Ikifika 400, hapo muulizwe nyie.

Niwaombe uvumilivu kwenye hili linalofuata, kwa sababu linaharibu intaneti za nyumba nyingi na halimo kwenye tangazo hata moja. Mama anaongea kwa video na mwanawe aliye Muscat. Chumbani kijana anapakia video yake YouTube. Sauti ya mama inakatika, picha inaganda. Wanapima: 40, kama mkataba ulivyosema. Kasi ipo. Kilichotokea ni kwamba rauta ina foleni ndefu kupita kiasi ndani yake. Video ya kijana imeijaza, na kila neno la mama linasimama nyuma ya mzigo wote huo likisubiri zamu. Mtaalamu wa Marekani Jim Gettys alilipigia kelele jambo hili tangu mwaka 2010 hivi, akieleza kwamba watengenezaji waliongeza kumbukumbu kwenye vifaa wakidhani wanasaidia. Kulipima hakuhitaji utaalamu. Piga ping mtandao ukiwa kimya, tuseme inasoma 8. Anza kupakia faili kubwa, piga tena. Ikibaki chini ya 30 rauta ni nzuri. Ikiruka hadi 500, umemkamata mwizi.

Na dawa ipo. Utaratibu wa kupanga foleni unaoitwa FQ-CoDel ulichapishwa rasmi kama RFC 8290 mwaka 2018, ni wa bure, na umo kwenye OpenWrt, programu huria ya rauta ambayo yeyote anaweza kuipakua. Mnapoagiza rauta kwa maelfu kutoka kiwandani, mna nguvu ya kusema tunazitaka zenye huo. Mteja mmoja mmoja hana nguvu hiyo. Kwa nyumba yenye laini ya 20, rauta ya namna hii ina faida kuliko kupandishwa hadi 40, na nadhani hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu cha kuuza kwenu ni 40.

Kwa upande wa wateja, msidhani siwaoni. Kuna anayelipia 40, anapakua filamu, kompyuta inamwandikia 5, anapiga simu kwa hasira. Ile 5 ni megabaiti, mlizomuuzia ni megabiti, na baiti moja ina biti nane, kwa hiyo amepata 40 yake kamili. Kuna aliyewapa nenosiri la waifai wapangaji wote wa uani na wa duka la nje. Kuna anayepima huku televisheni mbili zinacheza. Hao wote kipimo cha waya kingewanyamazisha, kwa hiyo kinawalinda nyie pia.

Haya ninayoyaomba wenzenu wanayafanya, wengine kwa kulazimishwa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2015 inataka mkataba wa laini ya nyumbani utaje kasi ya chini, ya kawaida, ya juu na ile ya kwenye tangazo. Uingereza, kampuni zilizosaini mwongozo wa Ofcom, tangu Machi 2019 zinamwambia mnunuzi kabla hajasaini atapata ngapi kati ya saa mbili na saa nne usiku. Ikishuka chini ya kiwango walichomhakikishia, zina siku 30 za kurekebisha kabla mteja hajaruhusiwa kuondoka bila faini. Ujerumani, tangu Desemba 2021, anayepata pungufu anaweza kupunguza malipo kisheria. Lakini haaminiwi kwa picha ya skrini ya simu: utaratibu ulipoanza alitakiwa kupima mara 30 kwa siku tatu tofauti, kwa programu ya mamlaka yenyewe, kompyuta ikiwa imechomekwa kwa waya. Waifai haihesabiki. Hapo mteja amepewa haki na kampuni imekingwa na kipimo cha ovyo, kwa sheria ileile.

Sisi hatuhitaji kusubiri sheria kwa jambo la karatasi moja. Fomu ya kazi ambayo fundi wenu anamsainisha mteja tayari ipo, ina jina, simu na namba ya kifaa. Iongezeeni: tarehe na saa ya kupima, kupakua na kupakia, kwa waya, tundu la LAN, ping mtandao ukiwa kimya na ukiwa na mzigo, seva iliyotumika na iko mji gani, nguvu ya mwanga kwenye kiboksi. Chini yake, kwa mstari wa peke yake ili visichanganywe, kasi ya waifai kwenye chumba cha mbali zaidi, aione na akubali au ahamishe rauta papo hapo fundi akiwa bado na ngazi. Mteja apige picha fomu, ikae kwenye simu yake. Siku akilalamika, dada wa simu anamwambia achomeke waya, apime, alinganishe na picha. Asiye na kompyuta, na wako wengi, atumiwe fundi mwenye kompyuta, si mwenye koleo tu.

Mkuu wa ufundi yeyote kati yenu akitaka kujaribu hili kwa mtaa mmoja, nipo tayari kupanda na gari lenu la ufungaji kwa wiki nzima, bila malipo, tukapime nyumba kwa nyumba. Nashauri tuanzie kwenye wale waliopandisha kifurushi mwaka huu na namba yao bado iko 94.

Wenu katika kazi,

Fundi wa mitandao,
Tabata.

Nakala:
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania